Barabara ya Sindano

Jumatatu, 5 Machi 1979

Sindano tena. Tuliondoka kukiwa na baridi, ukungu umelala kwenye mashamba ya chini. Nimemfunga Musyoka kwangu kwa leso, kifua chake kwenye mgongo wangu, ili akisinzia asianguke. Hana uzito. Mume wangu huyu alikuwa fundi wa mawe, akiinua peke yake jiwe la kona. Sasa nambeba kwa keria ya baiskeli kama mtoto.

Kwenye mteremko naendesha. Kwenye mlima nashuka, nasukuma, yeye amekaa ameshika kiti kwa mikono miwili. Bonde zima hadi dispensari hatukukutana na gari. Lori hupita siku ya soko tu. Wageni husema huku kwetu Kilungu kumetulia. Mimi utulivu huu unanitisha. Nikisimama kupumua nasikia kifua chake tu, kama mtu anakwaruza sufuria.

Sista alimdunga. Akasema tena tusikose hata siku moja. Tukikosa, TB inarudi na nguvu mpya, na dawa hii haitafanya kitu.

Mapaja yanawaka. Nalala.

Jumatano, 7 Machi

Mzee Nzioka, mzee wa kanisa letu, alikuja jioni. Hakuingia ndani. Anaogopa kikohozi. Alisimama uwanjani, kofia mkononi, akasema akina mama wa kanisa wanalalamika. Mwanamke juu ya baiskeli. Tena na suruali ya mume chini ya rinda.

"Basi mzee, nipatieni mwanaume wa kumpeleka," nikasema.

Akasema tutaliweka kwa maombi.

Nilikuwa na karai la maji machafu mkononi. Nilitaka kummwagia. Sikummwagia.

Mwaitu, mama yake Musyoka, tunaishi naye, ndiye ananilindia watoto. Alikuwa jikoni akichambua maharagwe, akasikia yote. Sijui yuko upande gani.

Baiskeli nilifundishwa na kaka yangu nikiwa msichana, kwetu Kwa Vonza. Kule ni tambarare. Milima hakunifundisha.

Jumamosi, 10 Machi

Mlima wa mwisho ulinishinda. Nilisimama katikati, nimekanyaga jiwe nyuma ya gurudumu, siwezi kwenda juu, siwezi kurudi chini. Nilibaki hivyo hadi miguu ilipoacha kutetemeka. Musyoka alikuwa analia bila sauti. Nilijua kwa sababu blauzi yangu ililowa mgongoni, na si jasho.

Sindano alipata.

Jumanne, 13 Machi

Tumeanguka.

Tulikuwa tunarudi, mteremko ule mrefu wa mikaratusi. Breki ya nyuma ilishika, ikaachia, ikakataa kabisa. Niliburuta miguu. Haikusaidia. Niligeuza baiskeli kwa ukingo wa udongo ili tusiingie korongoni. Leso ilikatika. Yeye alienda upande wake, mimi wangu.

Niliita watu. Niliita sana. Sauti yangu iligonga mlima wa ng'ambo ikarudi, na baada ya hapo hakuna kitu, ni nyuki tu kwenye maua. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Hakuna mtu. Barabara nzuri hivi, imechongwa vizuri, na hakuna mtu.

Musyoka alikuwa amekaa kwenye vumbi na damu kwenye sikio. Akaniangalia kama mtu aliyekwisha kuamua jambo.

"Mama Kamene, niache hapa."

Nilimtukana. Maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Halafu nikamwinua.

Nimeandika breki kwanza kwa sababu hili ni gumu zaidi. Wakati ule, kabla sijamwinua, nilimchukia. Nilitaka iishe. Kwa njia yoyote.

Jumatano, 14 Machi

Asubuhi nilikuta magurudumu yote mawili hayana upepo. Nilidhani ni miiba. Nikatafuta, hakuna mwiba. Vali za kuzuia upepo hazipo. Zote mbili.

Musyoka alikuwa amekaa kitandani, uso ukutani.

"Ziko wapi?"

"Kwa choo."

Alitoka usiku, yeye ambaye hafiki mlangoni bila kushikwa. Alitambaa. Magoti yake yana udongo. Akazitoa kwa vidole vile vya mifupa, akaenda kuzitupa kwa shimo.

Akasema, "Nimekuona jana. Utakufa kabla yangu, na watoto watabaki na nani? Mimi nimekwisha. Pumzika."

Nilimpiga kofi. Mgonjwa. Nilimpiga na nikakaa sakafuni nikalia kama watoto wangu wanavyolia, mdomo wazi. Mwaitu alikuja mlangoni, akatuangalia, akarudi. Baadaye alileta uji, akatuwekea kikombe kimoja katikati. Tulikunywa.

Hakuna sindano leo. Nilikimbia sokoni kutafuta vali. Duka linalouza vitu vya baiskeli limeishiwa. Wanasema niende mji wa Salama. Salama ni siku nzima kwa miguu, kwenda tu.

Alhamisi, 15 Machi

Usiku alikohoa bila kupumzika. Nikaanza kumwaza sista, kidole chake akikinyoosha. Hata siku moja.

Kwa bonde hili baiskeli nyingine inayotembea ni ya Mzee Nzioka. Nilienda. Nilikuwa tayari kupiga magoti, na nilikuwa tayari kuiba. Kweli, yote mawili.

Mzee hakuwepo. Yuko kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Mke wake alikuwa anapepeta mtama. Ni mmoja wa wale wanaonilalamikia, hilo najua. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Vali, choo, sindano, yote. 

Aliweka ungo chini. Akanipeleka nyuma ya nyumba ambako baiskeli ya mzee imefunikwa gunia.

"Mimi sijawahi kuishika hata siku moja," akasema. "Nionyeshe inatoka namna gani."

Nilimwonyesha. Ya kwanza nilitoa mimi. Ya pili akaitoa yeye mwenyewe. Upepo ulipotoka kwa kelele aliruka nyuma, akacheka, akajifunika mdomo. Akafunika baiskeli tena vizuri kama ilivyokuwa.

"Nenda, mama. Mzee nitajua vile nitamwambia."

Sindano ya leo ilikuwa imepita. Dispensari hufunga mapema. Siku mbili amekosa. Siku mbili.

Ijumaa, 16 Machi

Tumeenda. Jana usiku nilikaza waya wa breki, nikafunga leso mbili. Musyoka hakukataa, hakukubali. Alijiacha avalishwe.

Sista alikasirika hadi akamwaga spiriti. Halafu akaona shavu la Musyoka na mikwaruzo yangu. Akanipa chai yake.

Jumapili, 18 Machi

Sikwenda kanisani. Barabara ya sindano haina Jumapili. Mwaitu alikwenda. Aliporudi alisema Mzee Nzioka amefika kwa miguu, amechelewa, anatoa jasho, na mkewe ameimba kwa sauti kuliko wote.

Nilicheka. Mara ya kwanza sijui tangu lini. Musyoka pia, kidogo, halafu kikohozi kikamkamata.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua. Ilinyesha milimani usiku kucha. Kwetu ilidondoka tu, lakini mto wa bonde ulishuka mwekundu na matawi ndani. Pale barabara inapokata mto, saruji ya kuvukia haikuonekana.

Tulingoja ukingoni. Nilichomeka kijiti kwenye mchanga kupima. Maji yalipungua polepole mno. Musyoka alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa kijivu. Nikafikiria siku mbili zile. Nikasema siwezi kumpa huu ugonjwa siku ya tatu.

Nilimbeba mgongoni. Maji yalifika mapajani, baridi, yanavuta. Katikati jiwe lilihama chini ya mguu wangu. Sikuomba. Sikuwa na nafasi ya kuomba. Nilisikia mikono yake shingoni ikinikaza, na nikajua jambo moja: anataka kuishi. Mtu anayetaka kufa hakazi hivyo.

Nilimlaza juu ya nyasi, nikarudi kuchukua baiskeli. Niliibeba begani. Niliporudi alikuwa ameinama na damu inatoka mdomoni, damu nyingi, mbichi, inaingia kwenye matope.

Mlima ule wa mwisho sijui nilivyoupanda. Nakumbuka nikihesabu pumzi zake. Zikichelewa nilikuwa namwita kwa jina lake la utotoni, lile mama yake humwitia.

Sista alikuwa mlangoni. Alituona tukiwa mbali, akatupa ufagio akaja mbio. Alipomshika alimwambia dereva wa Land Rover iliyoleta chanjo, "Washa gari. Hakuna kungoja."

Wamempeleka hospitali Machakos. Nafasi ilikuwa ya mgonjwa na sista tu. Mlango ulifungwa. Kupitia dirisha aliinua mkono, au labda gari lilimtikisa.

Ijumaa, 23 Machi

Jana nilirudi peke yangu. Maji yalikuwa yamepungua. Baiskeli nyepesi. Niliogopa wepesi wake. Kwenye kila kona mkono wangu ulirudi nyuma kumgusa, na ni chuma tu.

Sijui kama yuko hai. Mwaitu aliuliza kwa macho. Nikasema yuko hospitali. Akaingia kulala bila kula.

Leo sina mahali pa kwenda asubuhi. Niliamka saa ile ile.

Jumapili, 8 Aprili

Dereva wa Land Rover alipita jana. Alisimama kwetu makusudi. Musyoka yuko hai. Damu imekoma. Amelazwa wodi ya TB, wamesema miezi, si wiki. Amelalamika kwamba muthokoi wa hospitali, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, haujaiva. Dereva alisema hivyo kama jambo dogo. Mwaitu alimfanya arudie.

Leo asubuhi nilikuwa nafuta tope kwenye mnyororo. Mwaitu alitoka amevaa rinda la kanisa na kitambaa cheupe. Akatembea hadi kwa baiskeli, akaikagua mbele na nyuma. Akageuka, akakaa kwenye keria upande upande, mkoba mapajani.

"Twende," akasema. "Magoti yangu yananiuma."

Magoti hayajawahi kumuuma.

Niliendesha polepole. Alinishika kiuno, kwanza kwa vidole, halafu kwa mkono mzima. Mahindi yametoka, kijani kidogo kila upande hadi juu milimani. Tukirudi kutoka kanisani, kwenye mteremko wa mikaratusi, nilihisi ameegemeza kichwa mgongoni kwangu, nikashika breki mapema, tukashuka taratibu.