Miche Yako ya Kike, Baba Akinyi

Kwako Baba Akinyi, uliko huko Manyatta,

Jana mama yako alikuja hapa Nyamasaria akaniambia unataka kurudi nyumbani. Kabla sijamjibu, ile harufu ya bangi mbichi ilinirudia puani, ile iliyoshika hadi kwenye nepi za mtoto. Nilitoka nje nikatema mate.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulizungushia mabati nyuma ya jikoni, ukasema ni ya kuku. Kuku hawakuja. Ikaja miche yako, ukawa unaichungulia asubuhi hata kabla hujanawa uso. Ilipoanza kuonyesha kiume na kike, ulimwita Akinyi, mtoto wa darasa la tatu, ukamfundisha kutofautisha.

"Dume ni la kung'oa," ulimwambia. "Likibaki, majike yanajaa mbegu, wateja wanakataa. Jike ndiyo mali."

Kila alipokuonyesha la kike, ulipiga makofi. Nilipokuambia huyo ni mtoto, ulicheka. "Mama Akinyi, wacha kelele. Hii ni shamba kama zingine tu."

Kisha nikatoka hospitali na Atieno kifuani, msichana wetu wa tatu. Ulisimama mlangoni, utomvu umekauka vidoleni.

"Ni nini?"

"Msichana."

"Tena?"

Ukageuka ukarudi kwa miche yako. Akinyi alikufuata akakuvuta shati. "Baba, huyu ni wa kike. Mbona hufurahi?" Nilibaki nimesimama na mshono wangu wa upasuaji. Na mkono wako huo wa utomvu ni uleule uliokuwa ukinichambulia miba ya samaki kule ufuoni Dunga, kabla hatujaoana. Siku hizo niliuona mkono mzuri.

Atieno hajafikisha hata mwezi, mwalimu wa Akinyi akaniita shuleni. Alifunga mlango kwanza. Alikuwa akifundisha habari za mimea, na Akinyi akainua mkono.

"Mama, huyu mtoto ameelezea darasa yote vile baba yake anang'oa za kiume," alisema kwa sauti ya chini. "Nimewaambia ni mahindi. Lakini mimi si mjinga. Maliza hiyo maneno kabla mtu mwingine asikie."

Sikukungoja tuzungumze. Nilifika nyumbani, nikaangusha mabati, nikang'oa kila shina na kulitumbukiza chooni. Mikono ilininata hadi viwikoni. Niliisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawasha, na bado ilinuka wewe.

Uliporudi ukakuta shamba tupu, ulipiga magoti kando ya choo. Ulilia machozi ya kweli, kamasi ikishuka mdomoni. "Wasichana wangu," ulisema. "Umeua wasichana wangu."

Atieno alikuwa akilia ndani ya nyumba wakati huohuo. Hukumsikia. Achieng', binti yetu wa pili, ndiye aliyekwenda kumbembeleza, naye mwenyewe hajaanza shule. Kesho yake ulibeba nguo zako ukahamia huko Manyatta kwa mwanamke aliyekuahidi mtoto wa kiume.

Sasa mama yako anasema umebadilika. Anasema huko nako umezaliwa msichana, ndiyo maana umekumbuka njia ya huku. Nilimjibu kwa heshima: "Mama, wewe karibu siku yoyote. Lakini huyo mwanao asikanyage hapa." Alimpakata Atieno, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakukutaja tena.

Nimejipima moyo, Baba Akinyi, nikitafuta chuki. Sikuipata. Nilichokuta ni kinyaa, kama cha mtu aliyekuta nywele kwenye tonge alilokwisha kuanza kulimeza. Na ninamhurumia huyo mtoto wa Manyatta, ambaye leo hii unamtazama kwa jicho lile ulilomtazama nalo Atieno mlangoni.

Atieno ameanza kutembea. Akikupita barabarani hutamjua, naye hatakujua. Katika yote yanayokuhusu, ni hilo tu ambalo halinichefui.

Kaa huko huko.

Mimi,
Mama wa Akinyi, Achieng' na Atieno