Jiwe la Tunduru na Hesabu Zako za Elektroni

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Huku Mshangano tumeshavuna mahindi na mama yako hajambo.

Unauliza kama ufute hesabu za mwaka mzima, eti kompyuta inasema elektroni za chumvi yako ya kromiamu zinapitisha mwanga wa kijani na mwekundu, nao wenzako wa maabara wanaona kijani tu. Usifute!

Nilipokuwa nikichimba mawe Tunduru, wanunuzi walizoea kukagua mawe juani tu. Langu la kijani walilicheka: "Mama, hiki ni kipande cha chupa." Nikawaingiza ndani, nikafunga dirisha, nikawasha koroboi. Jiwe likawa jekundu kama kaa la moto! Wakaanza kupandishiana bei.

Sikuwauzia. Limo humu kwenye bahasha. Wafungie wenzako madirisha, uwawashie koroboi, waitazame na chumvi yako.

Bibi yako