Michembe ya Dada

Mjukuu wangu Limi, mbishi mwenzangu,

Huku Kasoli tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna pamba. Unauliza kwa nini mimi, ninayebishana na kila mganga juu ya miiko yake, sipiki michembe.

Dada yangu alisombwa na mto akiniletea michembe shuleni. Mama hakuipika tena. Nikamfokea, “Mama, kilichomuua ni mto, siyo viazi vikavu!”

“Najua,” akasema. “Imebaki kapuni. Pika, ule wewe.”

Nikapika. Nikatia kipande mdomoni, kikagoma kushuka. Mama hakunicheka, alinipa maji tu.

Nimeshinda mabishano mengi tangu hapo, ila hilo bado. Ukija likizo, pika wewe. Nitakaa karibu yako, nijaribu tena.

Bibi yako anayekupenda