Upele Uliomfukuzia Mkeo

Mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Hujambo? Unakula? Kifua kimeacha kukubana? Mimi magoti yananililia kila nikiinuka, lakini bado natembea. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwapisha asilainishe neno langu hata moja, kwa hiyo usije ukamnunia yeye. Barua nampa dereva wa lori la kambini kwenu, maana simu zangu hupokei tangu ulipomfukuza mkeo.

Nianze na lililo zito. Binti yako, Kibonge wetu, amelazwa. Figo zimeshambuliwa. Mama yake analala sakafuni kando ya kitanda chake, mimi napeleka uji. Yuko hai. Kama atapona, daktari hajaniahidi, nami sikuahidi wewe. Kaa chini usome yote.

Mkeo alipofika kwangu alikuwa na mtoto mkono mmoja na mfuko wa nguo mkono wa pili. Hakulia. Alinionyesha vipele vidogo katikati ya vidole, kiunoni, chini ya matiti. Akaniambia umemwambia hayo ni maradhi ya wanaume wa watu, na kwamba mwanamke aliyetulia hajikuni huko anakojikuna yeye. Niliona aibu, mwanangu, wala si kwa ajili yake. Na mtoto naye alikuwa anajikuna.

Basi tukaanza utabibu wetu wa nyumbani. Nikatupa sabuni ya kunukia. Nikawanyima samaki na mayai. Nikalilaumu joto. Muuza duka akatuuzia mafuta ya tyubu yenye picha ya mwanamke mweupe kama unga. Mwasho ukalala kidogo, kisha ukaamka na hasira. Shangazi yako akasema huo ni mkono wa mtu. Nikamjibu kwamba huyo mtu lazima hana kazi nyingine duniani. Mikono yangu nayo ikaanza kuwasha, nikasema ni uzee. Kibonge alijikuna mpaka akajichubua, vidonda vikajaa usaha.

Vidonda vilipoanza kukauka, mtoto akawa kama ananawiri. Mashavu yakajaa, macho yakawa madogo. Majirani wakanisifu, eti bibi una mkono wa kulea, ona mjukuu alivyonona! Nami nikaringa. Mama yake ndiye aliyeona viatu havimwingii tena, na mkojo una rangi ya chai iliyokolea. Haukuwa unono. Alikuwa anavimba, na mimi nimekaa barazani napokea pongezi.

Daktari ni mwanamke wa maneno machache. Alimulika tochi katikati ya vidole vya mtoto, akaomba mkono wangu, kisha wa mkeo. Akasema sote tuna ugonjwa mmoja, upele: vidudu visivyoonekana kwa macho, vinachimba ndani ya ngozi na kutaga humo. Vinahama kwa watu kulala pamoja, kugusana ngozi kwa ngozi, kutumia matandiko mamoja. Anaupata yeyote, hata mtoto anayenyonya. Vile vidonda vilipoingia uchafu, ndipo sumu yake ikazifikia figo. Akanikemea kwa kukaa muda wote ule nikibahatisha mafuta ya dukani.

Sasa shika maneno ya dawa aliyotupa daktari; yako anayo dereva. Unapaka mwili mzima, toka shingoni mpaka nyayo: kati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha, na huko kwa siri pia, usione haya. Unalala nayo, unaoga asubuhi. Baada ya wiki unarudia. Mnaolala pamoja mnapaka siku ileile, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho haukatiki papo hapo. Usijipake kila siku kama anayepiga rangi ukuta.

Daktari aliuliza nani alianza. Mkeo akatazama dirishani, asikutaje. Hata pale alikuwa anakusitiri! Mimi nikaenda kumuuliza dereva. Akacheka, akasema vitanda vya kambini kwenu havipoi: wa zamu ya mchana akiinuka, wa zamu ya usiku anajitupa palepale, blanketi lilelile, na wote mnajikuna mkisingizia vumbi la saruji. Nikakumbuka ulivyokuja likizo, ukijisugua mgongo kwenye fremu ya mlango kama mbuzi, nasi tukacheka. Mkeo wakati ule hakuwa na hata kipele kimoja. Uliuleta wewe, ukamwachia, kisha ukarudi ukamtukana nao.

Kuna jambo nimelifanya, nataka ulisikie kwangu. Nimekwenda kwa wakwe zako. Baba mkwe wako alikuwa amemkataza binti yake kukanyaga pale tangu maneno yako yalipomfikia. Nikasimama uani, ndugu zake wote wamekaa, nikasema ugonjwa ametoka nao mwanangu kazini na binti yenu hana kosa. Nikanyoosha mikono yangu yenye vipele, nikauliza, na mimi kikongwe nimetembea na mume wa nani? Mmoja akacheka. Kisha hakucheka tena mtu. Kesho yake mzee mwenyewe alikuwa wodini, ameshika birika la chai, hajui aliweke wapi.

Mkeo hajakusamehe, na mimi sitamwombea hilo. Jipake dawa, wenzako nao wajipake, halafu uje. Mtoto anakuulizia kila akiamka. Mkojo wa jana ulikuwa bado mweusi.

Fundi anakusalimu, ameniomba niliondoe lile neno la mbuzi, nimekataa. Shangazi yako naye anakusalimu. Mimi nakupenda, usidhani vingine, ningekuwa sikupendi ningekutumia salamu tupu. Ukifika wodini, simama mlangoni mpaka mama wa mtoto akuambie ingia. Asipokuambia, endelea kusimama.

Ni mimi,
Mama yako