Jina kwenye Mlango wa Darla

Ord, Nebraska
4 Machi

Mwanangu Darla,

Natumaini u mzima na theluji ya Wyoming haijakusumbua. Mimi sijambo, ila masikio yamekwisha kabisa, kwa hiyo acha kunipigia simu. Naona taa yake inawaka tu, na paka anakimbia. Niandikie.

Duane wa shangazi yako Verna ameniambia umenunua lori la Freightliner. Nilidhani ananitania. Umekulia kwenye kiti cha abiria cha lori langu la Peterbilt, pua ile ndefu iko mbele yako, leo unakwenda kununua friji lenye magurudumu? Tena linalojibadilishia gia lenyewe! Sasa wewe kazi yako humo ndani ni nini, kupokea simu?

Anasema pia unauliza nitakuandikia lini jina mlangoni. Kila mwenye lori lake katika kaunti hii nimemwandikia mlango mimi, kwa brashi na mkono wangu. Sijawahi kutia jina letu la Vondra kwenye lori lenye pua iliyoinama namna hiyo, na sitaanza na wewe.

Verna anakusalimu.

Baba yako

*

Laramie, Wyoming
11 Machi

Baba,

Salamu nyingi. Afya yangu ni nzuri na hasira yangu ni nzuri zaidi.

Usifikiri niliokota lori njiani. Niliyajaribu yote. Volvo ina kitanda ambacho ningelalia mpaka mzigo uoze. Kenworth niliipenda, nikaizunguka kama mchumba, halafu nikakumbuka urefu wa safari ninazopiga. Na hiyo Peterbilt yako ya pua ndefu, kweli, ukiingia nayo kituo cha malori wanaume wote wanageuza shingo, lakini hakuna hata mmoja anayekusaidia kulipa dizeli. Langu linapasua upepo na linakunywa kidogo. Wewe ulinunua lori la kutazamwa. Mimi nimenunua la kufanyia kazi, na nina haki hiyo.

Kinachoniuma ni Duane. Duane! Mtu aliyelaza tela mtaroni mara mbili, na mara zote mbili akamsingizia kulungu. Huyo Januari umemwandikia mlango, na mtoto wako unamnyima. Sheria inataka jina la mwenye lori mlangoni, kwa hiyo nimebandika herufi za plastiki za dukani. Juzi tunakula kituoni, mzee mmoja ananiuliza mezani, mbele ya watu, "Wewe si binti wa Leland? Mbona mlango wako umebandikwa herufi kama sanduku la barua?" Nikamwambia ale nyama yake.

Na tangu lini unaniandikia kwa taipureta, kama benki?

Binti yako,
Darla

*

Ord
29 Machi

Darla,

Nimepata barua yako. Mimi mzima.

Taipureta ni yangu na naitumia nipendavyo. Duane ana lori la kiume na mlango wa chuma ulionyooka, rangi inakaa. La kwako ni la kubandikwa plastiki, na umeshabandika, basi shida iko wapi? Marehemu mama yako aliipangusa kromu ya lori letu ing'ae kila Jumamosi kwa fulana zangu kuukuu. Sijui angekuambia nini.

Pasaka ukija, usilete kitu hicho uani kwangu. Egesha kanisani, uje kwa miguu.

Leland Vondra

*

North Platte, Nebraska
3 Juni

Baba,

Pasaka sikuja, na sikukusudia kukuandikia tena. Mtu akimwandikia mtoto wake halafu akasaini jina lake lote, kama anayepokea mzigo, amekwisha kusema. Lakini safari hii nakuuliza hali yako kwa kutaka jibu: hujambo?

Jana Duane alinikuta kituoni hapa. Akaja kuegesha ubavuni mwangu, mlango kwa mlango, makusudi anikoge. Nikashuka niutazame vizuri huo mlango ulioninyima usingizi tangu Machi.

Baba, mstari wa chini unapanda na kushuka. K ya jina la ukoo wake imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena, na alama ya kufuta bado ipo. Wewe uliyekuwa unavuta mstari kutoka taa ya mbele mpaka nyuma ya chumba cha kulala dereva bila rula, huku unanisimulia habari za watu! Nilimtazama Duane, naye akatazama viatu vyake. Nikambana. "Mkono ulianza kutetemeka Krismasi," akasema. "Mjomba kaapa nikitoa siri atanivunja miguu."

Kumbe ndiyo maana ya taipureta.

Sasa nimekasirika kuliko wakati wowote. Umelitukana lori langu, umenifukuza uani, umemwingiza mama kwenye ugomvi usiomhusu, yote hayo ili usitamke neno moja kuhusu mkono wako? Na ningenunua Peterbilt ungetoa sababu gani? Ungesema kromu ya siku hizi si kromu. Nakujua. Miezi yote hii nilikuwa najiuliza nimekukosea nini, nikiwa peke yangu usukani, na hakuna nilichokukosea. Hilo sijakusamehe bado.

Plastiki nimeibandua. Ninaendesha bila jina, na wakinisimamisha mizani nitawaambia baba yangu ana kiburi. Jumamosi nakuja, na kanisani siegeshi. Nataka jina langu kwa mkono huohuo ulio nao.

Binti yako,
Darla

*

Ord
Alhamisi

Darla,

Mimi sijambo, isipokuwa mkono. Barua hii nimeiandika kwa kalamu. Ukishindwa kuisoma, mpe Verna.

Duane asinisogelee. Miguu yake bado naidai.

Lori lako ni baya na nitaliambia hivyo mbele yake. Usitegemee nilisifie kwa sababu ya barua moja ya makelele. Lakini nilikuwa naona afadhali unitukane kuliko unionee huruma, na wewe umenitukana vizuri.

VONDRA ni herufi sita. Mkono hutulia kidogo asubuhi baada ya kahawa, halafu basi. Herufi moja kwa siku, labda. Mwambie mwenye mzigo asubiri. Tutafanya mlango wa dereva tu. Ule wa pili urudishie plastiki yako mpaka vuli, kama bado tutakuwa tunasemezana.

Egesha karibu na dirisha la jikoni, mlango uelekee nyumba. V ikiegemea, usiishike, usiifute. Na mtu akikuuliza kituoni nani aliyekuandikia, unitaje.

Baba yako