Binti Yangu Anataka Kupunguza Kasi ya Kompyuta, Nami Nimekataa

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, na mke wangu amecheka aliponiona nikitafuta kalamu, lakini jambo limefika mahali ambapo lazima mtu wa nje aamue, tena naomba usifiche jina langu kama mnavyowafichia wengine kwa sababu sijafanya la kuficha. Naitwa Wamae, fundi seremala, Ruring'u, Nyeri. Ukija kanisani kwetu ukakaa, umekalia kazi yangu.

Nina binti, Murugi, anayehariri video za harusi na za ruracio, sherehe zetu za mahari, katika chumba kinachopakana na karakana yangu, na kompyuta anayotumia aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kisha mwezi wa Juni akaingia ndani ya mipangilio yake akaipandisha kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani, jambo ambalo vijana huliita overclock, akaniita nione video ndefu ya harusi ikikamilika kabla chai yangu haijapoa, nami tangu siku hiyo sijanyamaza, nimelisema kanisani, nimelisema kwenye mkutano wa chama cha kahawa wakati ajenda ilikuwa mbolea, na nikamwita mchoraji aandike juu ya mlango wetu KOMPYUTA YENYE KASI KULIKO ZOTE NYERI. Sijazipima zote, lakini hakuna aliyekuja kubisha.

Sasa karakana ina unga wa mbao kutwa nzima, na sikutaka mashine kama ile ikae mezani ikimeza uchafu, kwa hiyo Desemba niliitengenezea kabati la mtarakwa, mbao nilizozitunza tangu tulipobomoa nyumba ya marehemu baba yangu, nikaliwekea mlango wa kioo kizima ili mteja aone taa zake zikiwaka, na kila ukingo nikauziba kwa mpira, ukifunga husikii hata feni zikivuma, na nakuambia bila kujisifu kwamba hapa mjini hakuna kompyuta iliyolala pazuri namna hiyo. Murugi alipitisha mkono juu ya ubao kwa muda mrefu. Akasema, "Baba, hizi si mbao za nyumba ya guka?" Nikamwambia ndizo, babu yako angefurahi kuona zimefika wapi.

Januari jua lilipokaza ndipo shida ilipoanza. Asubuhi mashine inafanya kazi kama kawaida, lakini baada ya chakula cha mchana skrini inaganda, au yote inazimika na kujiwasha upya na kazi iliyokuwa ikiendelea imepotea, na Murugi amebadilisha nyaya, ametoa vipande vya kumbukumbu akavirudisha, amepuliza vumbi kwenye feni, hakuna kilichosaidia. Siku moja tu ilifanya kazi mpaka jioni bila kukohoa, siku ambayo Tabby, mke wangu, alikuwa akipangusa kioo cha kabati akaacha mlango wazi akaenda sokoni, nami niliporudi nikaufunga kwa hasira maana vumbi lilikuwa linaingia. Tabby anasema, "Hiyo kitu haisumbuliwi na jua, inasumbuliwa na kusifiwa." Jirani yetu Seth, mwalimu aliyehamia hapa kutoka Vihiga, kila akipita jioni anachungulia na kuuliza, "Fundi, ile ndege yako imetua tena?" Namjibu imetua kuweka mafuta, lakini neno hilo nalala nalo.

Na haya yote yametukuta wakati ambao Murugi amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Mansukh, mwenye duka la vifaa ninakonunua bawaba na gundi, anamwoza binti yake Mansi mwisho wa mwezi huu wa Februari, sherehe ni za siku kadhaa, na mama wa bibi harusi, Jayshree, anataka yaliyopigwa picha siku za kwanza yaonyeshwe kwenye ukuta wa ukumbi siku ya karamu, mbele ya jamaa wanaotoka mpaka Uingereza, maana yake Murugi atahariri mchana kutwa katika jua hili. Jayshree alikuja kuona mashine. Nikasimama kando ya kabati nikaanza kumweleza, na sijafika hata nusu, skrini ikawa nyeusi.

"Stima imepotea," nikasema upesi.

Akainua macho akatazama balbu juu ya kichwa changu. "Wamae, stima iko. Hiyo taa inawaka na nini, maombi?"

Alicheka, na kazi hakuiondoa, lakini akamgeukia Murugi akasema, "Mimi nataka harusi yote ya Mansi, sitaki nusu."

Siku hiyo hiyo Murugi aliniuliza, "Baba, tukiacha mlango ya kabati wazi kidogo mchana?" Nikamuuliza kama nilitengeneza mlango ili ukae wazi. Kesho yake akaja na lingine kabisa.

"Basi nishushe spidi. Nirudishe ile ya kiwanda hadi mvua ianze."

"Na maandishi hapo nje nitayafanya nini?"

"Si tutapaka rangi, Baba."

Apake rangi juu ya sifa yake mwenyewe! Nikamkatalia, nikamwambia mtoto akishapanda darasa harudishwi nyuma kwa sababu kumekuwa na joto, na sasa amesema Jumatatu ataibeba mashine, kabati libaki, aipeleke Nanyuki kwa rafiki yake Shiro, ati huko kuna baridi, na nikimuuliza atarudi lini ananijibu, "Tutaona." Mshauri, tangu amalize masomo mtoto huyu hajafanya kazi mahali nisipoisikia sauti yake kupitia ukutani. Mwandikie neno, anakusoma kila wiki. Mwambie kasi ibaki na yeye abaki.

Wamae,
Ruring'u, Nyeri

JIBU

Baba Murugi,

Umetaka jina lako litoke, limetoka. Usinilaumu kwa yanayofuata.

Kabla ya kupewa safu hii niliandika habari za ajali na mahakama kwa miaka mingi, na barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma taarifa ya polisi: mashine ilikuwa nzima mpaka lini, na baada ya hapo nini kilibadilika. Ilikuwa nzima mpaka Desemba. Yaliyobadilika ni mawili. Limekuja jua, na limekuja kabati.

Tuanze na jua. Kompyuta iliyopandishwa kasi hutoa joto zaidi ya ile iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, na joto hilo lazima liende mahali. Murugi alifanya kazi hiyo mwezi wa Juni, na Juni ya Nyeri naijua, nimeripoti kesi hapo nikiwa nimevaa makoti mawili. Baridi ile ilikuwa inaipoza mashine bure na hakuna aliyeihesabu. Februari haitoi msaada huo. Mpaka hapo binti yako ana kosa dogo la kitaalamu, na ameshaliona, ndiyo maana anataka kushusha kasi.

Sasa kabati. Umechukua kitu kinachotoa joto, ukakifungia ndani ya mtarakwa na kioo, ukaziba kila ukingo kwa mpira, kisha ukafurahi kwamba huzisikii feni. Feni zinavuma, mzee. Zinazungusha hewa ile ile ya moto kuanzia asubuhi, na ikifika mchana mashine inajizima ili isiungue. Ikijizima, ujue inajiokoa.

Sikutaka kukuhukumu kwa akili yangu peke yangu, kwa hiyo nilimwita Nasirumbi, anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Akaniuliza, "Hiyo mashine inakaa wapi?" Nikamwambia kwenye kabati la kioo. "Imezibwa?" Kwa mpira, pande zote. Alicheka mpaka akaweka chini bisibisi yake, kisha akauliza kama huyo fundi anaweza kumtengenezea kabati la vyombo, kwa sababu hajaona mtu anayeziba namna hiyo. Kwa hiyo sifa ya kazi yako imefika hapa, tena imefika kwa njia ya ugonjwa wa kompyuta.

Lakini hukuhitaji Nasirumbi. Ushahidi umeuandika kwa mkono wako. Siku pekee ambayo mashine ilifika jioni ni siku ambayo Tabby aliacha mlango wazi. Ulirudi, ukakuta inafanya kazi, ukakasirika, ukafunga.

Haya ni ya mashine. Ya Murugi ni mazito zaidi.

Binti yako anajua. Mtu aliyeiunda kompyuta kipande kwa kipande hawezi kukosa kujua sanduku lililozibwa linaifanya nini. Alijaribu kukwambia kwa swali moja la upole, mlango ukae wazi kidogo mchana. Soma tena ulivyomjibu. Baada ya hapo hakulitaja kabati tena. Alikwenda kuchukua kitu chake mwenyewe, ile kasi uliyoitangaza mpaka kwenye mkutano wa mbolea, akakubali ishushwe na sifa yake ipakwe rangi mbele ya Seth na mji mzima, ili asije akasema mbele yako kwamba mbao za nyumba ya babu yake zinaipika mashine. Ulipomkatalia hilo nalo, akatafuta njia ya mwisho. Unaamini anafuata baridi ya Nanyuki. Mimi naona anakwenda kwa Shiro kwa sababu kwa Shiro hakuna kabati.

Wewe ulidhani mnabishana juu ya kasi. Muda wote huo yeye alikuwa anakukinga wewe.

Nakuonea huruma, kwa sababu kila ulichofanya ulikifanya kwa kumpenda, na nimesoma barua za baba wengi ambao hawajui hata watoto wao wanafanya kazi gani. Una haki ya kujivuna. Umelea mtoto anayeunda kompyuta kwa mikono yake. Ila mtoto huyo huyo anaogopa kukwambia neno moja kuhusu mlango, na hilo pia umelilea wewe.

Hujachelewa. Una mpaka Jumatatu, nawe ni seremala, kwa hiyo chukua msumeno.

Ng'oa ubao wote wa nyuma, usiache hata kipande cha urembo, kisha lisogeze kabati mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Toboa matundu marefu chini upande wa mbele, hewa baridi iingilie hapo, na mengine juu kabisa, ya moto itokee. Mpira wote utoe. Unga wa mbao ni adui wa kweli, hapo hukukosea, kwa hiyo matundu ya chini na ule upande wa nyuma uvifunike kwa wavu mwembamba unaoweza kuvuliwa na kuoshwa, na ukipiga randa, piga upande wa pili wa karakana au nje kabisa wiki hiyo ya harusi. Kama mkono unasita kukata mbao za marehemu, kumbuka nyumba yake ilikuwa na madirisha. Kazi hii usimwachie mtu mwingine.

Kasi ni ya Murugi. Usiwe na maoni. Kabati likishakatwa, aipe mashine kazi nzito kuanzia adhuhuri mpaka jioni, siku ya jua kali, kwa sababu kuipima asubuhi ni kujidanganya. Ikiganda, ashushe hatua moja apime tena kesho yake, na kadhalika, mpaka ipite mchana mzima bila kuzima. Itakapopita, hiyo ndiyo kasi yake ya Februari, iwe kubwa au ndogo, na harusi ya Mansi ihaririwe kwa hiyo. Juni ikirudi atafanya anavyotaka. Nasirumbi anadhani hatashusha sana. Maandishi ya mlangoni yaacheni mpaka harusi ipite, kisha muulize yeye kama anayataka. Sijaona popote kwenye barua yako kwamba aliwahi kuulizwa.

Ukienda dukani kwa Mansukh kununua huo wavu, mwambie Jayshree kwamba siku ile stima ilikuwepo na kosa lilikuwa la kabati. Atakucheka. Mwache acheke, ni mteja wa binti yako na ana haki ya kujua mashine imepona nini.

Huenda Murugi bado akaenda Nanyuki. Ni mtu mzima, na pengine anataka kuona kama anaweza kufanya kazi bila wewe upande wa pili wa ukuta. Akienda, mbebee mashine mpaka kituoni na usiulize atarudi lini. Lakini asiende kwa sababu kuna neno asiloweza kulisema nyumbani kwake.

Kwa hiyo usimwandalie hotuba, na usimtumie mama yake. Kata kabati, fagia, washa mashine, kisha mwite. Mwambie, "Murugi, weka mkono hapa nyuma. Hewa inatosha?" Halafu funga mdomo usubiri. Akisema bado, kata tena.