Wamama Niliowaita kwa Majina kwenye Redio

Jumanne, mwezi wa pili. Mvua inakuja na kurudi kama mugeni aliyesahau kitu. Nathan amelala. Kitambaa changu cha kilio hakijakauka bado, nimekianika ndani, na moyo wangu ni muzito kama hicho kitambaa.

Nilitaka kuandika hii tangu Jumamosi. Sikuweza.

Jumamosi tulikuwa ku kilio kwa Mama Feza. Mama yake amefariki, bibi muzee aliyekuwa anatuita sisi wote "bibi arusi" hata tukiwa na watoto wawili, watatu. Mama Feza, namuita yaya, dada yangu mukubwa, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa mutaa wa Hewa Bora. Yeye njo alinipokea siku nililetwa hapa kama muke mupya. Alinionyesha fasi ya kununua makala ya jiko na fasi ya kuchota maji. Siku nilizaa Nathan, mikono yake njo ilimuogesha mara ya kwanza.

Ku kilio za avenue yetu, mimi njo naanzishaka nyimbo. Sikusoma sana, masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini sauti Mungu alinipa. Namna yetu ni hii: unaanzisha wimbo, na katikati unaita wamama kwa majina. "Mama Odia, ee." Yule aliyeitwa anaitika, na wengine wanamufuata. Ukiitwa kwa jina hauwezi kunyamaza. Hata kama muligombana jana, unaitika. Ni kumuambia mwenye kilio: niko hapa, sikukuacha.

Basi Jumamosi nikaanzisha. Nikaita Mama Odia. Kimya. Nikafikiri hakunisikia juu ya mvua kwenye mabati. Nikaita Mama Chantal. Akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandali. Mwisho nikaita mwenye kilio mwenyewe, Mama Feza. Akaniangalia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hiyo njo iliniumiza. Aliniangalia kama vile mutu anaangalia redio.

Kisha Mama Odia akasema, wala si kwa sauti kubwa:

"Tungoje kwanza. Tusikie leo ni numero ya nani."

Wakacheka. Kile kicheko cha ku kilio, cha kujificha ndani ya kitambaa.

Wimbo ulinifia mudomoni.

Niseme ilianzia wapi, kwa ajili ya wale wasionijua. Wakati wa kampeni, Didier, kijana anayefanya kazi ya mitambo kwenye redio moja ndogo, alinisikia nikiimba kwenye arusi Kamalondo. Akaniita nirekodi tangazo la mutu mumoja aliyetaka kuwa depite, aende bungeni. Maneno yalikuwa tayari kwenye karatasi: maji Hewa Bora, barabara, masomo ya watoto, na numero yake ya kura mwisho. Niliimba mara ya kwanza, Didier akashika kichwa.

"Mama Nathan, unaimba kama mutu anasoma karatasi ya dawa. Imba kama vile unaimbaka kwenu."

Nikaimba kama kwetu. Na bila mutu kunituma, nikaanza kuita majina. Mama Feza, ee, mayi inakuya. Mama Odia, ee, tua bidoni ya mayi chini. Mama Chantal, ee. Niliwaita wote, avenue nzima, vile tunaitanaka ku kilio. Didier akavua kaske masikioni, anacheka peke yake. "Apa sasa," akasema.

Mbele ya kutoka nilimuuliza: "Na kama halete hiyo mayi?"

"Weye unaimba. Kuahidi ni kazi yake."

Nikarudi nyumbani na hilo jibu kama vile lilikuwa jibu.

Niseme kweli yote: nilipenda. Redio ilikuwa inaniimbisha asubuhi, mchana na jioni, kwenye maduka, kwenye taxi, kwa fundi wa viatu. Nilianza kwenda kununua sabuni duka la mbali, ili nipite mbele ya redio nyingi. Nathan alijifunza kucheza ule wimbo mbele ya kujua kutembea vizuri. Na wamama walifurahi kuliko mimi. Mama Feza alimupigia mudogo wake wa Kipushi simu: "Fungula redio, utasikia jina yangu." Nani amewahi kutajwa jina lake kwenye redio? Wakubwa tu, na wafu.

Siku ya kura, unasimama mbele ya mashini na sura zinapita, ukurasa kwa ukurasa, watu wengi kuliko soko. Mama Odia alitoka pale anatokwa na jasho. Akaniambia:

"Sura ni mingi, sikujue hata moja. Nikakumbuka paka numero moja tu, yenye unaimbaka. Nikafinya."

Alisema kama ananiletea habari njema. Na mimi nilipokea kama sifa. Hakuna aliyeuliza yule mutu ni nani, alitoka wapi, alishafanya nini. Mimi mwenyewe sura yake nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu.

Na sura ya Papa Ilunga ilikuwa ndani ya ile mashini pia, naye alikuwa anagombea. Papa Ilunga wa avenue ya nyuma, yule anayetutoa nyumbani kila mara kwa salongo, kazi ya pamoja ya avenue, tunazibua mifereji mbele ya mvua. Alikuja kwetu kwa miguu, akakaa kwenye kibao cha jikoni, akaniuliza robine ya maji inatoka siku gani na siku gani haitoki. Alisikiliza mpaka mwisho. Lakini redio hakuwa nayo. Nilifika mbele ya mashini na nia yote ya kumuchagua. Nikatafuta numero yake ndani ya kichwa. Nilikuta ile ingine tu, ya tangazo. Ilikuwa inaimba, na sauti ilikuwa yangu.

Nikafinya na mimi.

Yule mutu akashinda. Maji hayakuja. Muheshimiwa tunamuona kwenye televisheni, yuko Kinshasa, koti inamukaa vizuri. Robine ya Mama Feza inatoa hewa, inakohoa kama muzee. Kwenye mustari wa bidoni walikuwa wananitania tangu zamani: "Mama Nathan, iite mayi, pengine inajua sauti yako." Nilikuwa nacheka nao. Nilifikiri mchezo ni mchezo.

Sasa naelewa kwa nini ilipasukia Jumamosi. Kilio kinataka maji mengi. Kuogesha bibi, kupika ugali wa watu wote wale, kunawisha mikono. Ndugu za Mama Feza walisukuma bidoni kwenye kinga, zile baiskeli zao, tangu mbali, ndani ya matope, na bibi amelala anangoja maji ya mwisho. Anangoja. Na mimi nafika na kitambaa kichwani, naanza kuita majina.

Mume wangu anasema najitesa bure. Yeye ni mupole, anachomelea vyuma, haoni kosa fasi kuna kazi ya kulipwa. Aliniambia: "Ule anachoraka kibao ya bar, anakuwa mulevi? Ulifanya kazi, bakakulipa, bassi." Nilitaka kukubali. Lakini mwenye kuchora kibao, mukono wake hakuna anayeujua. Sauti yangu wanaijua. Niliwalilia nayo watoto wao. Niliwaozesha nayo.

Na jana, kama vile Mungu anataka kunipima, Didier akaandika kwenye simu. Uchaguzi wa komini, ule wa viongozi wa hapa kwetu, unakaribia, kuna mutu mwengine, ananitaka mimi tu. "Usisahau majina ya ba mama," akaandika, "ile njo iliuzaka."

Niliisoma mara nyingi. Nataka kujifunza kushona kwa fundi mumoja wa Kamalondo, nimeomba hiyo nafasi tangu Nathan yuko tumboni, na malipo ya Didier yangenifungulia mulango. Sitajifanya mutakatifu. Niliweka simu chini ya mto na nikairudilia tena.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Feza. Alikuwa amekaa chini anachambua mboga ya lengalenga. Nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Nathan alikuwa anatupa majani mabovu ndani ya majani mazuri, na hakuna aliyemugombeza.  Nilisema tu:

"Yaya, miye sikujue kama mayi haitakuya."

"Najua haukujue." Aliendelea kuchambua. "Ule bwana miye sikumupigie kura. Hata jina yake ilinitoka. Nilikupigia weye."

Sijawahi kusikia neno zito kama hilo, na alilisema kama anaomba chumvi.

Nililia kidogo. Aliniacha nilie. Kisha akasema kesho wanamaliza kilio, nikuje.

"Lakini usianzishe. Mama Odia njo ataanzisha."

"Mama Odia? Yaya, ule sauti yake ni kama kinu ya kusaga mihogo."

"Njo ile. Utaivumilia." Mudomo wake ulitaka kucheka ukakumbuka kwamba ni kilio. "Weye utakaa katikati ya benzako. Ukiitwa, utaitika."

Ukiitwa. Hakusema nitaitwa.

Nilipofika nyumbani nilimujibu Didier: hapana, na majina ya wamama usiyatumie tena, hata kwenye lile tangazo la zamani. Akajibu mbiombio: "Hakuna shida mama, tutapata mwengine." Na ni kweli, atapata. Kuna mwanamuke fulani, kwenye mutaa mwengine wa huu muji, anayeimba vizuri na anayependwa na jirani zake. Atafurahi kama nilivyofurahi. Simujui, siwezi kumuonya. Ninaandika hapa, pengine atasoma. Mama, kama ni wewe: muulize yule mutu ni nani, mbele ya kuita mutu yeyote kwa jina.

Kushona nitafika siku moja, kwa njia ingine. Nina imani. Papa Ilunga nilimukuta kwenye kona wakati narudi, na chepeo ya kuzibulia mifereji kwenye bega, akanisalimia kama kawaida. Hajui numero niliyofinya, ao anajua na ameacha. Nilishindwa kumuangalia machoni. Nilimuambia salongo ijayo niko.

Mvua imekatika. Naona nitakitoa kitambaa kwenye hewa kidogo, kesho nitakihitaji.

Kesho Mama Odia atasimama na ile sauti yake na ataita wamama wa avenue mumoja mumoja. Nitakuwa nimekaa nyuma, Nathan mugongoni. Sitaanzisha kitu. Nitasikiliza majina yanapita, na nitangoja nione kama langu liko ndani.